Albamu Isiyo na Doris

Jumanne, 5 Agosti

Nimesuka vichwa vitatu leo. Vidole vinauma. Mwanangu Doris alilala chini ya meza ya saluni na kiatu kimoja, cha pili hatujakiona mpaka sasa.

Jioni tumepata mpiga picha. Elia alitaka rafiki yake mwenye simu nzuri, nikakataa. Naolewa mara moja. Nataka mtu wa kazi. Anaitwa Deo, studio yake iko karibu na stendi. Hana maringo. Alitutolea albamu za watu tukaangalia mpaka Doris akaanza kulia njaa. Kuna picha moja alitoa nguzo ya umeme nyuma ya maharusi. Haipo kabisa, ni anga tu. Elia akasema, "Basi mimi nitolee kitambi." Hana kitambi. Mpagazi wa mlimani gani ana kitambi?

Deo aliuliza maswali ambayo sikuyategemea. Jua linaingia upande gani pale nyumbani kwa mama. Mchungaji anaruhusu mtu wa kamera kusogea madhabahuni au hapana. Shangazi gani hapatani na shangazi gani. Mwisho akauliza, siku yenyewe nikiwa na jambo nimuulize nani? Kwa sababu bibi harusi hasumbuliwi. Nikampa namba ya mama yangu. Nani mwingine ananijua kuliko mama?

Nimefurahi. Nimeandika hadi mkono umechoka.

Alhamisi, 28 Agosti

Kikao cha kamati. Mama mkwe kasema Doris asitembee na maharusi kanisani. "Watu wataanza kuuliza." Kuuliza nini? Kila mtu anajua Doris si wa Elia. Nilimzaa nikiwa nyumbani kwetu Marangu, baba yake hakuonekana tena. Kanisani walinitenga, nikatubu, nikarudi. Yaliisha.

Elia akasema, "Mama, Doris atatembea." Mwenyekiti akahamia haraka kwenye vinywaji.

Nampenda huyu mtu. Lakini nimeogopa. Mimi nataka Doris awe na kwao, na watu wamwone ana kwao. Ukumbi, keki, yote mengine wanaweza kukata.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeolewa jana. Miguu imevimba.

Doris alinishika mkono kutoka mlangoni mpaka mbele. Gauni la njano. Hakulia. Wakati wa keki Elia alimweka begani, wakapakana krimu mpaka kwenye nywele. Ndafu ililiwa yote, yule mbuzi alibaki meno. Mama mkwe alicheza kuliko vijana. Mama yangu alilia, nikamwambia mama acha, utaharibu poda. Deo alilala chini kwenye nyasi kupata picha moja tu. Nikasema hii ndiyo kazi.

Albamu baada ya wiki tatu, alisema. Nahesabu.

Ijumaa, 26 Septemba

Elia yuko mlimani na wageni tangu Jumatano. Huko juu simu haishiki.

Albamu imetoka. Nimeifuata mwenyewe, Deo hakuwepo, nimekabidhiwa na dada wa mapokezi. Nzito. Jalada jeupe. Sikuifungua njiani, nilitaka tufungue nyumbani, mimi na Doris.

Doris hayupo.

Nilidhani nimeruka ukurasa. Nikarudi mwanzo. Hayupo. Kanisani mkono wangu wa kushoto umening'inia, vidole vimejikunja, havijashika kitu. Ile ya familia pale bustanini, kati yangu na Elia kuna ua. Halikuwepo ua pale! Ya keki ndiyo imenimaliza. Elia anacheka anaangalia juu, bega moja limeshuka kwa uzito, na juu yake hakuna mtu.

Wamemtoa mtoto wangu kama ile nguzo ya umeme.

Yeye mwenyewe akaanza kujitafuta. "Mama, mimi niko wapi?" Akageuza ukurasa, akachungulia nyuma ya karatasi. Kisha akasema, "Nilikuwa nimelala?"

Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 27 Septemba

Sijala. Ni mama mkwe, nani mwingine? Alikataa asitembee, akashindwa, akangoja.

Halafu nawaza, mbona malipo na maelewano yote na Deo alimalizia Elia? Alimbeba mbele za watu. Mbele za watu kila mtu anaweza kubeba.

Mteja amelalamika nimemkaza nywele mpaka macho yamevutika. Nimemfumua, nimeanza upya. Namba ya Deo nimeibonyeza nikakata. Naogopa kuambiwa.

Jumatatu, 29 Septemba

Elia ameshuka. Midomo imepasuka kwa baridi, na biskuti za wageni mfukoni kwa ajili ya Doris. Sikumpa hata maji. Nilimtupia albamu.

Nilisema mengi. Nilimwambia arudi kwa mama yake wamtafutie msichana asiye na mtoto, wapige picha nyingine. Nilimwambia amenioa nusu. Majirani wamesikia.

Alifungua taratibu. Alipofika ya keki akakaa sakafuni na viatu vyake vya matope. Akasema, "Haika, mimi nilimbeba. Unadhani nilimbeba ili atolewe?"

Sijui nimwamini nani. Amejilaza kwenye mkeka, Doris yuko juu ya kifua chake, wote wanakoroma.

Jumanne, 30 Septemba

Tumekwenda studio wote watatu. Deo kashangaa kuliko sisi. "Kwani dada, hukujua? Si niliambiwa kwenu?"

Elia akamsogelea. Nikamshika shati. Nikauliza, kwetu nani?

Deo akatoa simu akanionyesha. "Namba ulinipa mwenyewe."

Ya mama. Mama yangu mimi.

Nilikaa kwenye kile kiti cha picha za pasipoti. Kumbe mama alimpigia siku moja baada ya harusi. Akamwambia ndivyo ninavyotaka, ila naona aibu kusema. Deo anasema si wa kwanza, familia nyingi huomba hivyo, ndiyo maana hakushtuka. Halafu akasema, "Nilipaswa kukupigia wewe. Nisamehe, mama Doris." Picha za mwanzo anazo zote. Atachapa upya.

Nilifikiri nikijua nitapumua. Sijapumua. Mama ndiye aliyempokea Doris kwa mikono yake, gari lilipochelewa. Ndiye aliyenipikia mtori siku zote zile za uzazi. Yeye!

Na Elia nimemtukana bure. Njiani hakusema "si nilikuambia". Alinunua hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa kipande kikubwa. Nimemwomba radhi nikiwa na hindi mdomoni. Akasema, "Tafuna kwanza."

Alhamisi, 2 Oktoba

Marangu, mimi na Doris. Mama alikuwa kihambani, kwenye migomba, anakata majani ya ng'ombe. Shikamoo. Marahaba. Doris akamkimbilia, akabebwa, akapewa ndizi mbivu. Mama anampenda, hilo halifichiki. Ndiyo maana akili yangu ilikataa kabisa kuelewa.

Doris alipolala ndani nikamuuliza. Hakukana. Hakuacha kukata majani.

"Ile picha wataitundika huko kwa wakwe zako. Watakuwa wanamwona kila wakila. Watamchoka, Haika. Bora wasimwone."

"Mama, si wanamwona yeye mwenyewe?"

"Mtoto anakua, wanamzoea. Picha inabaki pale pale inawakumbusha. Nilikuwa nakulinda."

Nikamwambia Doris alijitafuta mpaka nyuma ya karatasi. Mundu ukasimama.

Nikaingia chumbani kwake kutafuta khanga ya kumfunika mtoto. Juu ya kitanda cha mama kuna picha. Kubwa, ina fremu. Doris peke yake, gauni la njano, krimu kwenye nywele, anacheka meno yote nje. Alimwagiza Deo amchapie.

Sebuleni yupo marehemu baba, wapo kaka zangu na majoho ya mahafali, yupo hadi askofu wa kalenda. Doris yuko chumbani, mahali asipofika mgeni.

Sikujua nimkumbatie mama au nimpigie kelele. Nimembeba mtoto mgongoni akiwa amelala, nimeondoka bila chai.

Jumatano, 8 Oktoba

Albamu mpya. Yupo. Kila mahali yupo. Doris amejibusu kwenye ukurasa, sasa kuna alama ya mafuta.

Mama mkwe kapita kuiangalia. Nilikaa kama mtu anayesubiri majibu ya kipimo. Kaipitia yote, akarudi kwenye picha moja, akauliza, "Mbona huyu mpiga picha hakuniambia kilemba changu kimelala upande?" Basi. Halafu akamwita Doris waangalie pamoja.

Mama hajapiga simu. Na mimi sijapiga.

Jumapili, 12 Oktoba

Manyunyu asubuhi. Doris ana mafua. Elia anafua nguo za mlimani.

Mama amekuja bila taarifa. Ameshika kitu bapa kwenye khanga, na mkungu wa ndizi mshare. Amekaa, amekula kidogo. Kisha akafungua khanga. Ile picha ya chumbani kwake. Akamwomba Elia msumari.

Elia kagongelea hapa sebuleni. Akauliza imekaa sawa, mama akasema, "Kulia, ipandishe kidogo. Hapo."

Halafu akasema, hakuniangalia, "Sasa nipeni ile ya keki. Ya wote watatu. Ukuta wangu una nafasi pale karibu na baba yenu."

Ya keki yenye fremu tulikuwa nayo moja tu, hapo hapo sebuleni. Nikaitoa ukutani nikampa. Hakuomba msamaha. Sijamdai.

Tumemsindikiza stendi. Nilitaka kuifunga picha na khanga isipate vumbi, akakataa. Amekaa dirishani kwenye gari la Marangu, ameipakata, kioo kinatazama nje. Mama mmoja anayeuza karanga akamuuliza kitu. Injini ilikuwa inanguruma, sikusikia alichomjibu. Niliona anamwonyesha kwa kidole, mmoja mmoja.