Machela Ilipofika Jikoni Kwako

Mama, shikamoo.

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu tulipokuzika. Si kwamba sikuwa na la kusema. Ni hawa wajukuu zako ambao hukuwahi kuwaona: Kulwa akilala, Doto anaamka. Sasa hivi wamelala wote, naandika haraka.

Mama, watu wa mipango miji wamepanda huku mlimani. Kwa miguu yao wenyewe! Unakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Mipango yao ikifika kwenye mawe inaishiwa pumzi"? Bibi alikusimulia kwamba mkoloni aliwapa Wazungu ufukwe, Wahindi akawapa mitaa ya maduka, sisi akatuachia mawe. Mkoloni akaondoka, ila mabomba na barabara vikaendelea kufuata njia zilezile. Safari hii wameanza na sisi. Afisa alisema huku ndiko watu wanafia njiani.

Wakaja na machela. Afisa mwenyewe, kijana mnene, akalala juu yake, akaomba wanaume wambebe kutoka nyumba ya mwisho hadi barabarani. Machela ikishindwa kukata kona, wanapaka chokaa: hapo njia itapanuliwa. Tulicheka, Mama! Jirani yetu Mama Shija akapiga kelele, "Mgonjwa gani huyu ana mashavu hivyo? Mshusheni atembee!"

Halafu wakafika kwenye jiko lako. Machela ikagoma. Kicheko kikakatika. Wote walikuwepo siku ile. Ni palepale tulipokwama tukikubeba kwenye kiti kwenda hospitali, ukanishika mkono ukasema, "Pumzikeni kwanza." Tukapumzika. Wewe ukawa umeshapumzika kabisa.

Jiko lile ulilijenga mwenyewe, jiwe kwa jiwe, mimi mgongoni. Ndicho kitu chako nilichobaki nacho. Afisa akashuka, akaniambia taratibu, "Dada, bila ruhusa yako hatugusi." Mama, sisi watu wa huku juu, nani aliwahi kutuomba ruhusa? Nikatazama masizi ya moto wako ukutani. Nikasema, "Vunjeni. Ila jiwe la kwanza nalitoa mimi."

Nikalitoa. Mama Shija akaja na la pili. Mzee wa jirani, yule ambaye hakuwahi kuachia njia hata upana wa kiganja, akaenda akabomoa ukuta wa bafu lake. Sikuamini macho yangu. Kisha wakamnyanyua tena afisa, na pale kwenye kona wakampitisha kama kikombe cha chai kilichojaa, hakuna kilichomwagika. Nilisimama pembeni, wajukuu zako mikononi.

Juzi binti wa Mama Shija alishikwa na uchungu. Walipita naye hapo. Alijifungulia hospitali.

Lala salama, Mama. Nakuahidi sitanyamaza mpaka maji nayo yafike nyumba ya mwisho.

Wewe nitumie usingizi, hata kidogo. Nitumie ile sauti yako ya mkutanoni, maana Jumamosi tunakaa kuhusu maji. Na uje ndotoni unifundishe ulivyokuwa ukiwasha kuni mbichi kwenye upepo, maana sasa napikia nje.