Gari la Ami Halitolewi Relini

Mama, nakushika miguu kutoka Mombasa. Mwili mzima, ila moyo hautulii.

Leo siku ya tano tangu nimpe Ami barua yako ya posa ya bintiye Zuhura, naye hajibu, ananilisha tu. Asubuhi kanipakia kwenye gari lake la reli, lile la kusukumwa na watu wawili, ati nikaone kisiwa. Ndia Kuu tukala mahamri na mbaazi. Kilindini madafu na muhogo wa nazi. Kila nikikaribia habari ya barua, "Kula, mwanangu, jua kali." Bahari sikuiona, Mama, nilikuwa nikizitazama ndevu za Ami.

Reli ni moja tu. Magari mawili yakikutana, mdogo wa cheo hushuka na gari lake likawekwa kando, mkubwa akapita. Ami hashuki. Leo watatu wametushukia, na salamu zao kaziitikia kwa kidole.

Tunarudi, mshikaki u mkononi, mbele likatokea gari la mkewe, mamake Zuhura. Nikajua atashuka yeye. Lakini Ami akasimamisha wasukumaji, akashuka, akanivuta kanzu.

"Shuka, mwanangu. Mkweo apita, nawe umeketi?"

Gari letu likainuliwa kando. Nikamsikia mamake Zuhura akicheka chini ya shela lake. Nami nimesimama na mshikaki wangu, hata kumwamkia nikasahau.

Mungu akuweke, Mama. Mwandikie mkwe wangu upesi, uniombee radhi.

Mwanao, Athumani