Fokacha Yangu, Sifa za Mke Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumamosi haijanifikia, maana hapa nilipo nina furaha ya kurukaruka na hofu ya kukimbia nyumba, vyote kwa pamoja. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mke wangu ni fundi cherehani, na kwa miaka tisa mpishi wa nyumbani kwetu ni mimi, jambo ambalo halijui mtu, kwa sababu karakana yetu ina wanaume kumi na mmoja wenye midomo, wakikupata na jambo hawakuachi mpaka ustaafu. Sasa miezi miwili iliyopita nikajifunza kupika fokacha, ule mkate bapa wa Kitaliano, na mshauri, sijui nikuelezeje, ni rahisi mpaka unajiuliza siku zote ulikuwa wapi! Unga wa ngano, hamira, chumvi, maji ya uvuguvugu, unakoroga kwa mwiko tu, hakuna kukanda, unafunika, unaenda zako, ukirudi umeumuka umejaa bakuli na unatikisika, unaumwaga kwenye trei yenye mafuta ya zeituni (trei nimeitengeneza mwenyewe kazini), unauacha tena kidogo, halafu unazamisha vidole vyote mpaka chini, mashimo mashimo, mafuta mengine juu, chumvi ya mawe, dakika ishirini na tano kwenye oveni, na ukiukata juu unalia kwaruu, ndani laini, yaani mimi hucheka peke yangu jikoni!

Kosa langu ni kuupeleka kazini. Mwenzangu mmoja tunayemwita Nyundo alipotia kipande mdomoni akapiga kelele, "Aisee, shemeji ana mkono huyu!" Mimi nikacheka, nikanyamaza. Sikudanganya, mshauri, nilinyamaza tu. Bosi akafunga kipande akampelekea mkewe, na wiki iliyofuata huyo mama akaja mpaka nyumbani kwetu, akaingiza kidole gumba chake kwenye shimo moja la mkate kikazunguka mle ndani, akasema, "Mama, una vidole wewe!" huku anaitazama mikono ya mke wangu, na mimi niko nyuma yake namkonyeza mke wangu aitikie, naye maskini akasema, "Asante, mama." Hapo hapo mgeni akatangaza kwamba Jumamosi saa nne asubuhi atakuja na wenzake kumi na wawili, na madaftari, mke wangu awafundishe.

Sasa mke wangu na jiko wanasalimiana kwa mbali. Jumanne nilijaribu kumfundisha, akaimwagia hamira maji yanayochemka ikafa pale pale, mkate ukatoka tofali, tukacheka mpaka machozi, halafu ghafla akaacha kucheka akaniambia, "Nimechoka kupongezwa kwa kazi ya mtu. Kila wakinisifu ulimi unaniwasha." Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Nimewaza nijifiche nyuma ya pazia la jikoni nimpe ishara, au aseme anaumwa, na papo hapo, Mungu anisamehe, natamani hao wageni waje, niwaone wakitafuna! Nifanye nini?

Ni mimi, Fundi Mwenye Unga Kuchani.

Fundi,

Nimesoma barua yako nikashikwa na njaa. Hongera, mkate umeuweza. Mengine yote umeyavuruga.

Nyuma ya pazia? Mwanaume mzima umejikunja unapunga mikono, mkeo anakuchungulia kila dakika, na wanawake kumi na watatu wasione? Acha masihara. Na huyo mke wa bosi, unadhani kidole kiliingia shimoni kwa bahati mbaya? Alipima. Kaona mashimo ya vidole vinene, kaona mikono ya fundi cherehani, kapata jibu lake. Ndiyo maana kachagua Jumamosi, siku ambayo karakana imefungwa na wewe upo. Keshakujua, baba!

Eti hukudanganya, ulinyamaza tu. Ukome! Ulinyamaza wewe, aliyelazimika kufungua mdomo ni mkeo.

Nakuonea huruma kwa hao wenzako. Watakucheka, tena sana, na huyo Nyundo ndiye atakayeanza. Watacheka mpaka saa sita, halafu mmoja atakuvuta pembeni akuulize hamira ni vijiko vingapi. Utamwambia.

Sasa sikiliza. Leo ukitoka kazini, kabla hujagusa unga, mwombe mkeo msamaha, bila "lakini". Jumamosi amka mapema, koroga unga wako, nyoa ndevu, vaa shati safi. Wageni wakiingia wakute wewe ndiye uliyesimama mezani, mikono imeoshwa, na mkeo amekaa kwenye kiti kama wao, wa kwanza kupewa kipande. Fundisha usimung'unye maneno. Nusu ya hao akina mama watakwenda kuwasumbua waume zao wiki nzima, nami nasubiri barua zao.

Ila kuna jambo hukulisikia siku ile ya tofali, nami limenigusa. Mwanamke anayeona aibu kwamba hajui kupika angekwambia, "Nifundishe vizuri." Wako alikwambia ulimi unamuwasha. Miezi miwili anatamani kujivunia mume wake mbele za watu, na wewe umemziba mdomo. Mwache aseme.