Mkungu Usiokatwa

Tabata, Dar es Salaam

Dada Koku,

Shikamoo, waitu. Kabla hujauliza: mimi mzima. Tumbo nalo linazidi kukua ingawa chakula kimepungua, sijui linakula nini. Goti lako linaendeleaje? Pale hospitali ya Nyakahanga walikwambia uache kubeba mizigo, nami nakujua, uliacha kwa muda ule tu waliokuwa wanakutazama. Na kifua cha shemeji kimetulia?

Juzi ulinipigia simu ukapaza sauti kana kwamba ndiyo inayotakiwa kufika Dar kwa miguu: "We Rwega, ile programu yako imekufa au umekufa wewe?" Nilicheka, nikasema nitaandika. Sikutaka kujibu mbele ya vijana wa ofisini. Basi najibu: imekufa. Mimi bado.

Unajua ilivyokuwa. Unapiga picha ya mkungu ukiwa bado mgombani, wanunuzi wa Mwanza na wa huku wanataja bei, mkielewana ndipo unakata. Kila mwezi mlilipa ada ndogo kwa wakala wa pesa za simu hapo Nyaishozi, na kwa ada hiyo tuliishi watu watatu: Neema na Hamisi walioitengeneza programu, na mimi niliyepokea simu na kuwaeleza kina mama kwa Kinyambo kwamba kinachopigwa picha ni mkungu, si kidole gumba.

Sasa programu hizi zina duka lake, dada. Simu kama zenu zinafungua duka moja tu, na lina mwenyewe. Huyo mwenye duka alituandikia kwamba ada yote ipitie dirishani kwake, naye akate fungu lake kwanza. Dirisha lenyewe linataka kadi ya benki. Nilitafuta mwenye kadi kati ya wateja wetu wa Nyaishozi na Kituntu, nikampata mchungaji peke yake. Basi tukaandika mstari mmoja ndani ya programu: mnaweza kuendelea kulipa kwa wakala. Kumbe hata kuwaambia tu ni kosa. Asubuhi hatumo dukani, na zile zilizokuwa kwenye simu zenu zikagoma kufunguka. Haukupita muda, mlangoni pa duka ikawekwa programu nyingine ya kuuza mazao. Ya mwenye duka mwenyewe.

"Si mhamie duka jingine?" uliniuliza. Lipi, dada?

Tulipeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara. Alitupokea bwana mmoja mpole. Alisema sheria haipendi mtu mmoja awe mwenye soko, awe muuzaji sokoni humo, na awe ndiye anayewafukuza wauzaji wenzake. Watachunguza, ila wanahitaji mlalamikaji atakayesimama mpaka mwisho. "Waliotangulia," akasema, "wote wameishia njiani."

Kwa nini waliishia njiani tumekuja kujua wiki iliyopita. Mwanasheria wa duka alitutokea kwenye kioo cha kompyuta, anatabasamu.

"Tunawarudisha hata leo. Mtumie dirisha letu, na muondoe malalamiko."

"Na wasio na kadi?" nikauliza.

"Watazoea, mzee."

Alipozima, Neema akanigeukia. "Mjomba, mimi nina mtoto. Hamisi mama yake anaumwa. Karatasi waliyotuma sisi tumeshaisaini, imebaki saini yako."

Nikamkumbuka tata, baba yetu. Unakumbuka ile asubuhi, maana wewe ndiye uliyebeba, mimi nilikuwa nasimamia kivuli. Alikata mikungu yote, tukaipanga kando ya barabara, lori likaja. Mnunuzi hakushuka. Aliagiza soda, akainywa taratibu mpaka jua likaanza kuilegeza mikungu. Tata alipomwuliza bei, akajibiwa, "Si umeshakata? Sema wewe." Tulipokuwa tunarudi alisema neno moja tu: mkungu uliokatwa hauna mdomo.

Sikusaini, dada. Usinisifu. Tangu siku hiyo Neema haitikii salamu yangu. Mwisho wa mwezi tunarudisha funguo za ofisi. Nitakuja nyumbani na begi moja, bila zawadi, na mikono ambayo panga likiiona linakimbia. Niwekee pa kulala ambapo mbuzi hajapazoea.

Msalimie sana shemeji. Binti yako aliyeolewa Kyerwa, mwambie mjomba anakuja kula, si kulisha. Na baba mdogo wa Kituntu, ambaye bado anaamini mimi ni bosi. Mwacheni aamini.

Nasikia lile lori limerudi barabarani hapo, na watu wameanza tena kukata kabla ya bei. Nakuomba, waambie wasikate. Wakae pamoja, wote, mpaka mtu yule ashuke na kutaja bei. Najua utakavyonijibu: "Na ukiivia mgombani, Rwega, tutakula mdomo wake?"

Dada, ofisi ile ya serikali bado haijatujibu, lori la pili silioni, na mkungu wangu nao, ule niliokataa kuukata kwa saini, umeanza kugeuka rangi, na ndege wameshauona.

Mdogo wako asiyefaa shambani wala mjini,
Rwega