Vidole vya Baba Limi

Jumanne, 2 Julai 1974
Waya wa chuma unaoinua mnara wa redio, hapa zahanati ya misheni ninakofanya unesi, umeanza kukatika nyuzi. Nimeuona asubuhi nilipokwenda kumwita daktari redioni. Wa kuubadilisha ni mume wangu, Bartholomeo, Baba Limi. Fundi wa baiskeli, fundi wa cherehani, na sasa minara! Jumapili anapiga kinanda kanisani. Vidole vyake navitaka vyote kumi, ingawa kikipungua kimoja masikio ya waumini yangepumzika.

Jumatano, 3 Julai
Tumeushusha mnara. Vipande vyake vimeingiana vyote, kimoja ndani ya kingine, isipokuwa cha juu — amekiacha kining'inie kidogo ili mkono ufike kwenye roda, kigurudumu kinachopitisha waya. Nikasema tupitishe bomba la chuma chini yake, kisije kikaanguka. Hataki, huo ni woga wa manesi. Kamba ya ngozi inatosha, ati, ndiyo inayofunga maksai wa baba yake. Akaipaka samli ilainike. Samli yangu!

Alhamisi, 4 Julai
Baba Limi alikuwa ameingiza mkono mnarani mpaka kiwiko. Akapita bibi Nyamizi, anatoka gulioni Masumbwe. Bibi hasalimiwi kwa mkono mmoja. Basi akautoa, akampa yote miwili, shikamoo, habari za nyumbani, habari za ng'ombe mmoja mmoja. Wakafika kwa ndama — paa! Kipande chote chini, palepale mkono ulipokuwa.
Kamba imetafunwa. Mbwa wa jirani yetu Jilala alifuata harufu ya samli. Na asubuhi hatukuikagua, hata mimi.
Bibi akauliza kama kila mgeni anapigiwa mzinga hapa. Nikacheka sana. Kisha nikaenda jikoni nikalia. Nampenda mbishi huyu, basi.

Ijumaa, 5 Julai
Naandikia gotini, kando ya mnara. Kazi yangu kulinda bomba. Kipande cha juu tumekiinua tena, nalo limepita chini yake, nguzo hii hadi ile, ncha zote nimezifunga mwenyewe. Mbwa kafungwa kwao. Waya mpya umepita roda mbili, imebaki ya ndani.
Juzi bomba lilikuwa woga wa manesi. Leo fundi ananiuliza:
"Mama Limi, bomba lipo?"
"Lipo, Baba Limi."
Akainama akalitazama. Akaligonga kwa spana. Akauliza tena. Nimeshajibu mara nne sasa, na ya mwisho sikumtania. Anafuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja. Mkono bado uko nje.