Mahali Aliyotolewa Mama Skola

Mpendwa bibi,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana tangu tukuzike hapo Bukiriro sina wa kuniitikia huku akinicheka.

Unakumbuka tulivyokuvamia? Wanafunzi wanne wa sheria na kompyuta zetu, tumekuja kufanya utafiti wa kujitolea kuhusu haki za wajane kwenye ardhi. Ulitutazama viatu, ukasema, "Kwanza mmenye ndizi. Haki baadaye." Tulimenya mpaka mikono ikawa myeusi kwa utomvu, nami nikajifanya mwenyeji huku nikijikata vidole.

Ndipo akaja jirani yako, Mama Skola. Shemeji yake alitaka kumnyang'anya shamba, akidai hakuwa mke halali wa marehemu. Nilipomhoji alinijibu kwa ukali: "Mimi mahali nilitolewa!" Nami nikaandika kwamba ametolewa mahali pake, nikajaza ukurasa mzima kulaani kufukuzwa kwake, naye nyumba yake naiona pale ng'ambo ya migomba, inafuka moshi. Nilipokusomea kwa majivuno, ulicheka mpaka kitenge kikakudondoka.

"Msomi wangu! Nani kamfukuza? Anakwambia ng'ombe alienda kwao. Mahali!"

Mahari, kumbe. Miaka mitatu chuoni, nikaangushwa na herufi moja ya nyumbani kwetu. Niliona aibu, bibi, na bado naiona. Lakini wewe hukuishia kucheka. Ulisema mshenga aliyempeleka huyo ng'ombe yu hai, anakaa Kabanga kwa binti yake, na kesho yake ukanifikisha kwake mwenyewe, ukichechemea na kukataa kushikwa mkono.

Baraza lilikaa mwezi uliopita. Yule mzee mshenga alisimama akamtaja ng'ombe rangi yake, pembe zake, hata alivyogoma kuvuka kijito. Watu walicheka, shemeji mtu akainamisha kichwa. Shamba limebaki kwa Mama Skola, lote. Wewe ulikuwa umetutoka wiki mbili tu kabla. Hilo linaniuma, sikufichi.

Tulipotoka barazani Mama Skola hakwenda kwake. Alinivuta mkono mpaka kaburini kwako, akasimama, akakuambia kwa sauti kubwa, kama anayekuita kutoka shambani kwake: "Mama, nimebaki!"

Basi pumzika, bibi yangu. Nakupenda sana.

Mimi mjukuu wako