Kwako Mama Antena, Uliyeanzia Nyumbani

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, Mama, na ruta zako zote za mtandao bado zinawaka: ya sebuleni, ya koridoni, ya chumba cha wageni, na ile ya bafuni ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuielewa. Mtaa mzima ulikuita Mama Antena, nawe uliitika bila kinyongo.

Ulikuwa mtu wa kucheka kwanza, salamu baadaye. Chai yako ilipoa mezani kila asubuhi, ukainywa hivyo hivyo ukasema ndiyo tamu. Ulivaa kandambili za mumeo, zako zikabaki mpya mlangoni. Jirani akileta simu iliyogoma ulimtengenezea huku unamsema: "Shoga, hii simu unaiosha pamoja na sahani?"

Kazi yako hatukuielewa upesi. Tulijua tu kwamba zahanati zote za wilaya zilipata mtandao kwa ruta, na kwamba ruta hizo ulizisimamia kutoka mtambo mmoja wa kati, umekaa kwenye kiti chako kibovu ofisini. Mumeo alikuuliza mbona usiandae mipangilio ya aina moja, ukaituma kote, ukapumzika. Ulimcheka. "Baba watoto, fundi cherehani atakukatia shati kwa kipimo cha mtoto? Kila modeli ya ruta na kiolezo chake cha mipangilio." Ukamweleza kwamba kiolezo kisichoifaa ruta kinaweza kuitenganisha na mtambo wenyewe, na ikishakatika huwezi tena kuirekebisha ukiwa mbali, lazima mtu afunge safari. Na huko zahanati kuna mkunga anayeelekezwa na daktari kwenye skrini. Mtandao ukikatika, anabaki peke yake.

Ndiyo maana kila modeli ulitundika moja nyumbani, na kila kiolezo kipya ulikijaribu kwetu kabla hakijaenda kwa wagonjwa. Tulilalamika jamani! Mechi ilikatika penalti inapigwa. Kaka yako akasema, "Fundi wa mtandao, kwake hakuna mtandao. Kinyozi hajinyoi kweli." Nawe ukajibu kutoka jikoni, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lieni tu, mkimaliza nitaurudisha."

Mwezi uliopita, Mama, tulikuelewa.

Dada aliyeshika kiti chako ofisini alikuja na ruta ya modeli mpya. Alivua viatu mlangoni, akamwambia mumeo kwa haya, "Baba, Mama alitufundisha tuanzie hapa. Naomba niendelee hivyo." Mumeo alikwenda kuleta ngazi. Ikafungwa juu ya mlango wa jikoni, nyumba nzima ikaunganishwa nayo, na yule dada akasema kiolezo chake angekituma siku yoyote wiki hiyo. Tukasahau.

Kabla wiki haijaisha, binti yako mkubwa akashikwa na uchungu, akawahishwa zahanati ya kwao. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na gari la kumpeleka hospitali kubwa lilikuwa bado njiani. Mkunga alikuwa akielekezwa na daktari kwenye skrini. Mkwe wako alisimama nje ya mlango, akitupigia kwa video tusikie yanayoendelea. Tulimsikia daktari akisema, "Taratibu, mama, usisukume kwanza." Halafu picha ikaganda.

Tukabaki roho mkononi. Dada yako akaanza kulia, "Wamekatika! Jamani, wamekatika!" Sote akilini tulimuona mkunga yule akiwa peke yake na mwanetu. Mumeo ndiye aliyeinua macho juu ya mlango wa jikoni. Taa ilikuwa nyekundu. Alirudi sebuleni mbio, akajigonga goti kwenye meza, akapiga kelele kama kijana: "Ni wa kwetu! Umekatika wa kwetu tu!"

Kiolezo kilikuwa kimefika, hakikuifaa ruta ile, kikaikata, na madhara yakaishia hapo jikoni. Kule zahanati hakuna kilichotikisika. Mumeo aliketi sakafuni akicheka huku machozi yanamtoka, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii mtandao ulikatika asilalamike mtu. Baadaye mkwe wako akapiga simu ya kawaida. "Ni msichana. Wote wazima."

Tulisimama tukaitazama taa ile, tukastaajabu. Ni wangapi waliojifungua salama huko, wasijue kwamba mtandao wetu ulikatika ili wao usiwakatikie? Hukuwahi kututajia hata mmoja. Ulitupenda sisi, na watu usiowajua ukawapenda vilevile, ukikoroga chai yako iliyopoa.

Ruta ya jikoni imeshapata kiolezo chake. Inawaka kijani.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye siku hizi chai ya moto haimpandi. Na wanao wote. Na dada yako. Na kaka yako, aliyeacha ule utani wa kinyozi. Na mkwe wako. Na wenzako wa ofisini. Na mjukuu wako, aliyelala sasa hivi chini ya ruta ya sebuleni.

Daima tutakukumbuka, na mtandao ukikatika, tutakukumbuka zaidi.